Pikapu ya parokia: matunzo na maboresho yanayoweza kufanyika nyumbani

Kamati nyingi za parokia hutuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: gari letu tuliongezee nini ili liziweze njia za huku kwetu? Wengine wanataka tairi pana, wengine winchi, wengine bampa la chuma mbele. Nao wafadhili hutuuliza swali linalofanana na hilo, yaani wachangie kifaa gani ili gari lisikwame. Katika toleo hili tunajaribu kuzijibu pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa jibu letu ni moja, ingawa huenda lisiwafurahishe wote. Sehemu kubwa ya fedha za maboresho ingefaa kwenda kwenye filta, grisi, bushi na mikanda. Maboresho yenyewe yawe machache, na kila moja lipimwe kwanza kwa kuuliza linamtoza nani.

Tunalizungumzia gari ambalo wengi mnalo au mmewahi kupanda: pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Mfululizo huo ulianza mwaka 1984, na ile aina ya 79 ilifuata mwaka 1999, ikiwa na springi za koili mbele na springi bapa nyuma. Nyingi zilizoko Tanzania zina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 4,164, isiyo na taabo. Ni injini ya polepole lakini mvumilivu, na fundi wa wilayani anaijua. Ndiyo sababu matunzo yake mengi yanaweza kufanyika nyumbani, kwenye uwanja wa parokia, na dereva mwangalifu akiwa na kijana mmoja wa kumsaidia. Wenye Hilux au gari jingine la aina hiyo watakuta mengi ya haya yanawahusu pia.

Gari moja, kazi mbili

Shida ya pikapu ya parokia ni kwamba ni lori mchana na gari la wagonjwa usiku. Jumanne linabeba saruji ya zahanati, na usiku wa kuamkia Jumatano linaamshwa kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya wilaya. Kazi hizo mbili zinataka gari mbili tofauti, nasi tuna moja.

Tuanze na mzigo. Pikapu hii imetengenezwa kubeba takriban tani moja, na uzito kamili ulioruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha kiwanda. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, au magunia 10 ya mahindi ya kilo 100, au tanki la maji la lita 1,000, na hapo hatujahesabu uzito wa tanki lenyewe. Watu kumi wazima nao hufika kilo 600 au 700 kabla ya mizigo yao. Kwa hiyo gari lenye mifuko 20 ya saruji na watu wanane juu yake limezidishwa kwa takriban nusu tani, hata kama dereva anasema linavuta vizuri. Kuvuta si tatizo la injini hii. Tatizo ni breki, beringi, chesisi na hao watu walio juu ya saruji.

Kamati ikiona gari limeinama nyuma, jambo la kwanza linalopendekezwa huwa ni kuongeza bapa za springi. Ni kazi rahisi: fundi anafungua yuboliti, anaingiza bapa mbili tatu, anafunga, na gari linasimama wima. Lakini tazama kilichobadilika na kisichobadilika. Chesisi ni ileile, ekseli ni ileile, breki ni zilezile. Ile dalili iliyokuwa ikimwambia dereva kwamba amezidisha mzigo ndiyo pekee iliyoondolewa. Baada ya msimu mmoja au miwili mtaanza kuona nyufa kwenye chesisi, hasa eneo la nyuma ya kebini.

Aidha, magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo. Valvu hiyo hupima jinsi gari lilivyoinama, na gari likiinama sana huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiongeza springi gari likanyanyuka, valvu inadhani gari ni tupu wakati limejaa, na breki za nyuma zinapungua nguvu pale zinapohitajiwa zaidi. Fundi akigusa springi za nyuma, ni lazima aulizwe kuhusu fimbo hiyo na airekebishe.

Kisha uje usiku ule wa Jumatano. Gari lenye springi ngumu likiwa tupu halinesi, linaruka. Kila shimo linampiga mgonjwa mgongoni. Mama mwenye uchungu anayesafirishwa kilomita 40 katika gari la namna hiyo analipa gharama ya yale magunia matano tuliyotaka kuyaongeza. Sisi tunaona hilo linatosha kuiamua hoja hii. Kama springi za kiwandani zimechoka, zibadilishwe kwa nyingine za kipimo kilekile. Kama mzigo mzito ni wa kila wiki, iwekwe springi saidizi ya chini, ile ambayo haigusi mpaka gari lijazwe. Na kabla ya yote hayo, zitazameni shokapu na bushi, kwa sababu mara nyingi gari linalosemwa kuwa springi zake zimekufa huwa limemaliza shokapu tu. Shokapu iliyovuja oili imekwisha kazi, haihitaji kipimo kingine.

Saa moja kila Jumamosi

Matunzo ya nyumbani hayahitaji gereji, yanahitaji siku maalumu. Tunashauri Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Dereva apime oili ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi, maji ya betri kama ni betri ya kuongezwa maji, na akaze mikanda ya feni ikilegea. Kisha alale chini atazame kama kuna kinachovuja au kilicholegea. Usafi una faida yake hapa: kwenye chesisi iliyooshwa uvujaji mpya unaonekana, lakini kwenye chesisi iliyojaa tope la mwezi mzima hakuna atakayeuona.

Grisi ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote. Gari hili lina nipo za grisi kwenye viungo vya propela, kwenye sehemu ya propela inayoteleza, na kwenye pini za springi za nyuma. Futa nipo kwa kitambaa kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kisha piga grisi mpaka ile chakavu itoke pembeni. Gari likivuka mto, lipigwe grisi siku hiyo au kesho yake, bila kungoja Jumamosi. Kiungo cha propela kilichokauka huanza kwa mlio mdogo wa “ti-ti-ti” gari linapoondoka, na wengi huuzoea mlio huo hadi siku propela inapokatika.

Oili ya injini, kwa njia zetu za vumbi, ibadilishwe pamoja na filta yake kila kilomita 5,000. Oili chakavu isimwagwe kichakani wala karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko mpaka apatikane mtu wa kuichukua.

Vumbi, maji na mafuta machafu

Injini ya 1HZ huuawa na mambo machache yanayojulikana, na karibu yote yanazuilika.

La kwanza ni vumbi. Filta ya hewa itolewe na kukung’utwa kila wiki wakati wa kiangazi, na mkiwa na pampu ya upepo, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu kidogo. Filta ya karatasi haioshwi kwa maji. Iinueni kuelekea jua: mkiona tundu hata la ukubwa wa sindano, itupwe. Tazameni pia mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, kwa sababu mpira ukipasuka au klipu ikilegea, vumbi linaingia bila kupitia filta hata kama filta ni mpya ya bei ghali. Injini inayokula vumbi haifi siku hiyo. Inaanza kula oili, halafu inakosa nguvu, na baada ya mwaka mnaambiwa pistoni na ringi zimekwisha.

La pili ni maji ndani ya dizeli. Parokia nyingi za mbali huhifadhi mafuta kwenye mapipa, na pipa lililosimama mvuani hunywa maji kupitia mfuniko, kwa sababu maji hukaa juu yake na pipa likipoa usiku huyavuta ndani. Pipa lilazwe au liwekwe chini ya paa. Likisafirishwa, liachwe litulie usiku mzima, na mpira wa kunyonyea usifike chini kabisa, uachwe juu kwa upana wa kiganja. Kwenye gari lenyewe, chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Weka kopo, legeza kizibo, piga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli safi, kisha kaza kwa mkono. Kazi yote ni dakika tano. Pampu ya dizeli iliyoliwa na maji haitengenezwi chini ya mwembe. Husafirishwa hadi mjini, na bili yake inaweza kumaliza bajeti ya gari ya miezi mingi.

La tatu ni joto. Wakati wa masika nyasi huwa ndefu barabarani na mbegu zake hujaa kwenye mapezi ya rejeta mpaka hewa haipiti. Rejeta ipulizwe au ioshwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, polepole ili mapezi yasilale. Wavu wa kawaida wa kuzuia mbu, uliofungwa kwenye fremu nyepesi mbele ya rejeta na kutolewa kila jioni kusafishwa, ni boresho la bei ndogo kuliko yote tunayoyajua. Ndani ya rejeta litumike koolanti, wala si maji ya kisima chenye chumvi. Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kama dereva ana haraka kiasi gani.

La nne ni mkanda wa taimingi. Injini hii haina cheni, ina mkanda wa mpira, nao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi kukumbusha. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika huenda taa yake imezimwa bila mkanda kubadilishwa, hivyo msiiamini taa, ulizeni daftari. Kama hakuna daftari, badilisheni mkanda na beringi yake mara moja. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni, na gharama yake hailingani kabisa na bei ya mkanda. Fedha zikitosha kazi moja tu mwaka huu, na hamjui mkanda una umri gani, kazi iwe hiyo.

Tairi, na ringi inayoua

Gari nyingi za aina hii zilikuja na tairi nyembamba za 7.50R16. Vijana huziona za kizamani na hutamani pana. Sisi tunashauri ukubwa wa kiwandani uachwe ulivyo. Tairi nyembamba hukata tope la juu hadi kufikia ardhi ngumu, hupatikana katika miji mingi kwa kuwa hata malori madogo huzitumia, na fundi wa pancha wa kijijini anaziweza. Tairi pana huongeza mzigo kwenye beringi na usukani, hula mafuta zaidi, na ikipasuka mbali na mji mnangoja wiki nzima. Kwenye mchanga mzito punguzeni upepo mpaka kama paundi 20, mpite, kisha mjaze tena kabla ya kukimbia. Kwa hiyo pampu ndogo ya upepo inayotumia betri ya gari ina faida kuliko tairi mpya pana.

Hapa tuna onyo. Rimu nyingi za tairi hizo ni za vipande, zikiwa na ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Ringi hiyo ikifyatuka wakati wa kujaza upepo, inaua. Kabla ya kugusa ringi, toa upepo wote kwa kufungua kijiti cha valvu, usiridhike kwa kupima kwa mkono. Baada ya kufunga, funga gurudumu kwa mnyororo au liweke uso wa ringi ukitazama chini, tumia mpira mrefu wa kujazia, na mtu yeyote asisimame mbele yake. Watoto wa parokia hupenda kutazama kazi hii. Waondoeni.

Vivyo hivyo, hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni magogo mapana ya mti mgumu chini ya ekseli na vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki. Tofali halifai, hupasuka bila kuaga.

Fo-wili haikai tu ikingoja

Mara nyingi gari hukwama si kwa kukosa winchi, bali kwa sababu dereva ameingiza fo-wili kwa gia bila kufunga habu za mbele, au habu zimeshika kutu. Habu zigeuzwe kutoka FREE hadi LOCK kabla ya kufika kwenye tope, maana kuzigeuza ukiwa ndani ya tope hadi magotini ni adhabu. Kila mwezi, hata wakati wa kiangazi, gari liendeshwe kwa fo-wili angalau kilomita 16 kwenye barabara ya vumbi, ili oili ifike kwenye sehemu za mbele. Kwenye lami kavu isitumike, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana na kukaza gia.

Kuhusu mito: bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ni boresho tunalolikubali, na tunalikubali zaidi kwa sababu ya vumbi, kwani hewa ya juu ni safi kuliko ya chini. Lakini haligeuzi gari kuwa mtumbwi. Difu lililopata moto wa safari likizamishwa katika maji baridi huvuta maji kupitia sili na tundu lake la kupumulia. Hivyo anayepandisha bomba la hewa apandishe pia mirija ya kupumulia ya difu, kazi ya mita chache za mpira na klipu. Baada ya mto mrefu, legeza kizibo cha difu utazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji, imwagwe yote iwekwe nyingine. Na mto msioujua, mtu atangulie kwa miguu na fimbo. Asipoweza kusimama, gari nalo halivuki.

Maboresho mengine

Filta ya pili ya dizeli yenye kutenganisha maji, tunaiunga mkono bila kusita. Bamba la chuma la kukinga sampu na giaboksi dhidi ya mawe, pia. Turubai imara juu ya fremu ya bomba, na mabenchi yaliyofungwa kwa nati kwenye sakafu, ni muhimu kama gari litabeba watu hata kidogo, pamoja na pete za kufungia machela na godoro. Watu na saruji wasipande safari moja.

Bampa zito la chuma pamoja na winchi hufika kilo 100 au zaidi. Hilo ni gunia la mahindi linalosafiri mbele ya gari kila siku ya mwaka, likikandamiza springi za mbele, kwa ajili ya siku chache za kukwama. Majembe mawili, mbao mbili nene, kamba nene ya kuvutia na watu wa kijiji huifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa. Taa za ziada za juu ya paa tunaziacha kwa wanaokwenda kuwinda.

Fedha, na neno kwa wafadhili

Gari hutolewa mara moja, matunzo hayakomi. Tunashauri kila kilomita ilipiwe, hata safari ya paroko na hata ya mwenyekiti. Tuchukue mfano tu: gari likitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, na kamati ikitenga shilingi 300 kwa kila kilomita mbali na mafuta, mwisho wa mwaka kuna shilingi 6,000,000 kwa ajili ya oili, filta, tairi na mkanda. Kiwango kila kamati ijipangie kulingana na bei za kwake, lakini fedha ziwe kwenye akaunti yake, na kilomita ziandikwe kwenye daftari moja na matengenezo.

Ndugu zetu wafadhili, tunajua si rahisi kuwaambia waumini wenzenu kwamba sadaka yao imenunua grisi. Bampa linapigika picha, grisi haipigiki. Hata hivyo, seti ya mkanda wa taimingi, shokapu nne, filta za mwaka mzima, pampu ya upepo au seti nzuri ya spana ni misaada ambayo madereva wetu wataitumia mpaka iishe. Tunaomba jambo moja kabla hamjanunua. Gari za aina hii haziuzwi kwa kawaida katika nchi nyingi za Ulaya, na spea zake hutofautiana kwa mwaka na kwa soko, hivyo kifaa kinachofanana machoni kinaweza kukataa kuingia. Ombeni kwanza kutoka kwa kamati namba ya chesisi, picha ya kibati cha kiwanda, na namba iliyoandikwa kwenye kifaa cha zamani. Kamati nazo zisitupe kifaa cha zamani mpaka kipya kifike na kilinganishwe.